Onyesho Linalopakuliwa Ndilo Linalobaki

Mwishoni mwa Novemba 2005, rekodi za maonyesho ya Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, zilizokuwa zikipatikana bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive zilifungwa ghafla zisipakuliwe. Agizo lilitoka upande wa bendi yenyewe. Mashabiki walikasirika, wakazungusha waraka wa malalamiko uliotiwa saini na maelfu. Walikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu sehemu kubwa ya rekodi zile walizichukua wao wenyewe, wakiwa ukumbini na maikrofoni zao, kwa ruhusa ya bendi hiyohiyo. Phil Lesh, mpiga besi wa kundi, alitoa tamko kwamba hakushirikishwa katika uamuzi ule. Siku chache baadaye ikapatikana suluhu: rekodi za mashabiki zikafunguliwa tena zipakuliwe, na zile zilizotoka moja kwa moja kwenye mitambo ya bendi zikabaki za kusikilizwa tu papo hapo mtandaoni.

Ni rahisi kuuona ugomvi ule kama kelele za watu waliozoea vya bure. Mimi nauhesabu kuwa mgogoro muhimu kuliko yote katika historia fupi ya hifadhi za muziki wa jukwaani, kwa sababu uliliweka mezani swali ambalo watu hupenda kulikwepa: je, kumruhusu mtu asikilize ni sawa na kumruhusu achukue nakala? Jibu langu ni hapana. Hifadhi inayokuachia usikilize tu imekupa burudani, na hilo si jambo dogo. Lakini hifadhi inayokuachia upakue imekufanya mlinzi mwenza wa rekodi, ujue usijue. Siku seva zikizimika, wewe bado unayo.

Internet Archive ilianzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 huko San Francisco. Tawi lake la muziki wa jukwaani, Live Music Archive, lilizaliwa mwaka 2002 kwa ushirikiano na etree, jumuiya ya mashabiki iliyokuwa ikibadilishana rekodi za maonyesho kwenye intaneti tangu 1998. Leo tawi hilo lina rekodi zaidi ya 250,000. Msingi wake ni wa kupendeza kwa urahisi wake: hakuna onyesho linalowekwa pale ila mwanamuziki au bendi husika imekubali, na hakuna anayeruhusiwa kuliuza. Bendi ikitaka kuweka masharti, mathalani kwamba rekodi za kutoka kwenye mitambo yake zisiwekwe, masharti hayo hufuatwa. Bendi ikikataa kabisa, basi. Wanaodhani hifadhi hizi ni uharamia uliovaa kanzu hawajawahi kusoma masharti yake.

Ruhusa ile haikuanzia kwenye intaneti. Grateful Dead walipiga maonyesho zaidi ya 2,300 kati ya 1965 na 1995, na mashabiki walikuwa wakiyarekodi kwa kificho na kwa wazi tangu mapema. Kufikia 1984 milingoti ya maikrofoni ilikuwa imekuwa mingi mno ukumbini, inawazuia watazamaji wengine na kumsumbua fundi mitambo. Bendi ingeweza kuwafukuza warekodi. Badala yake iliwatengea eneo lao maalumu nyuma ya meza ya fundi mitambo, na tiketi zao wenyewe. Waliruhusiwa kurekodi, kunakilishana na kupeana, ilimradi pesa isihusike. Kaseti zikasambaa nchi nzima, kutoka mkono hadi mkono, na kila aliyepewa moja akawa mtu wa kununua tiketi ziara ijayo. Bendi ile ilikuwa na wimbo mmoja tu uliowahi kuingia kumi bora ya chati ya Marekani, mwaka 1987, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa miongoni mwa bendi zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote nchini humo kwa ziara. Sidai kwamba kaseti za bure peke yake ndizo zilizoleta utajiri huo. Nasema tu kwamba hazikuuzuia, na anayetaka kudai kuwa kutoa rekodi bure huua kipato cha jukwaani ana mfano mkubwa sana wa kuurukia kwanza.

Watu wengi hudhani kinachozibeba hifadhi hizi ni teknolojia: diski kubwa, intaneti ya kasi, programu nzuri. Vitu hivyo vina kazi yake, ila kilichonivutia mimi siku zote ni nidhamu ya watu wasiolipwa. Fungua rekodi yoyote iliyopakiwa vizuri na utakuta faili dogo la maandishi limefuatana nayo. Humo imeandikwa tarehe, ukumbi na mji. Imeandikwa aina ya maikrofoni, zilisimamishwa wapi, umbali gani kutoka jukwaani, zikiwa zimeelekezwa vipi. Imeandikwa sauti ilipita kwenye kifaa gani, kutoka kifaa hicho ikaenda wapi, nani aliihamisha kwenye kompyuta na mwaka gani. Kisha orodha ya nyimbo kwa mfuatano wake, pamoja na maelezo ya uaminifu kabisa: kanda ilikatika hapa ilipogeuzwa, dakika mbili hazipo, mtu mmoja anapiga kelele karibu na maikrofoni katika wimbo wa nne. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Warekodi hawa waliliweka daftari kabla hata ya kuihesabu mali.

Nidhamu yao ilienda mbali zaidi, kwenye sauti yenyewe. Tangu mwanzo jumuiya ya etree ilikataa mp3. Mp3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya sauti ambayo sikio linadhaniwa halitaikosa. Ukiichoma kwenye CD, mwenzako akainakili na kuigeuza kuwa mp3 tena, kila mzunguko unatupa kitu kingine, na mwisho wa mnyororo anayesikiliza anapata matoazi yanayovuja kama maji. Kwa hiyo walishikilia miundo inayobana bila kutupa chochote, kwanza Shorten, baadaye FLAC iliyotoka mwaka 2001. Kwa kiwango cha CD, saa moja ya sauti ya stirio ni takriban megabaiti 635, na FLAC huipunguza hadi karibu nusu. Onyesho la saa tatu bado linakaribia gigabaiti nzima. Mwaka 2002, kwa intaneti ya wakati ule, kupakua kitu kama hicho kungeweza kuchukua usiku mzima na zaidi. Walivumilia. Na kila seti ya faili waliipa tarakimu za uhakiki, ambazo kompyuta huzikokotoa kutokana na yaliyomo. Biti moja ikibadilika, tarakimu hazilingani. Ukiwa na rekodi iliyopita mikono hamsini, unaweza kuthibitisha kwa sekunde chache kwamba ni ileile iliyotoka kwa mrekodi wa kwanza. Katika zama za kaseti, nakala ya kumi ilikuwa mvumo mtupu.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Nakala zilizotawanyika zamani zilikuwa dhaifu kuliko asili. Sasa nakala ya dijitali iliyohakikiwa *ni* asili. Watu elfu wakiipakua, onyesho lina asili elfu moja. Hakuna shirika lenye fedha za kujenga ghala elfu moja, ila ruhusa ya kupakua inayajenga bila gharama.

Nayo maghala ya wenye fedha tumeyaona. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza jengo katika viwanja vya Universal Studios huko California, na ndani yake zilikuwamo kanda mama, yaani rekodi za asili ambazo nakala zote hutokana nazo, za kampuni ya Universal Music. Umma haukuelezwa uzito wa hasara hiyo mpaka 2019, gazeti la New York Times lilipoichapisha habari yake. Kampuni na waandishi wale walibishana kuhusu ukubwa wake, lakini kwamba kanda mama ziliungua hakuna aliyekana. Jengo moja, moto mmoja.

Linganisha na yaliyozipata kanda za Betty Cantor-Jackson. Alikuwa fundi sauti wa Grateful Dead, na watu wenye masikio huzihesabu rekodi zake za miaka ya 1970 kuwa bora kuliko zote za bendi hiyo. Baada ya kuachana na bendi, maisha yakawa magumu, kodi ya stoo alimokuwa amezihifadhi kanda ikalimbikizwa, na katikati ya miaka ya 1980 vyote vilivyokuwamo vikapigwa mnada. Kwa mantiki ya kawaida, huo ungekuwa mwisho. Lakini sehemu ya kanda ziliwaangukia watu waliojua walichokishika, wakazinakili, na nakala zikaingia kwenye mkondo wa mashabiki. Mojawapo ilikuwa ya onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Ilisikika sana, ikapendwa sana, hata Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha yake ya rekodi za kulindwa kama urithi wa taifa, kwenye orodha ya mwaka 2011. Toleo rasmi la kununuliwa lilikuja 2017, miaka arobaini baada ya onyesho. Muda wote huo kazi ya kulihifadhi ilikuwa imefanywa na watu ambao hakuna aliyewaajiri.

Hili la watu binafsi kutangulia taasisi ni la zamani kuliko umeme wa jukwaani. Kati ya 1901 na 1903, Lionel Mapleson, mkutubi wa Metropolitan Opera ya New York, alirekodi vipande vya maonyesho kwa mashine ya Edison iliyochora sauti kwenye silinda za nta. Alianza akiwa kwenye kibanda cha mnong'onezaji, anayewakumbusha waimbaji maneno, mbele ya jukwaa, baadaye akapanda na mashine yake juu ya jukwaa, kwenye njia ya mafundi. Silinda moja ilibeba dakika chache tu. Sauti ni ya mbali, imezongwa na mikwaruzo, na inahitaji subira. Hata hivyo ndimo tunamomsikia Jean de Reszke, mwimbaji wa sauti ya tenor, ile ya juu ya kiume, aliyesifiwa kuliko wenzake wote wa kizazi chake, ambaye hakuacha rekodi nyingine inayojulikana kubaki. Silinda zile sasa zimehifadhiwa na Maktaba ya Umma ya New York. Mkutubi mmoja na mashine yake walifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma.

Yupo pia shabiki mmoja wa Chicago aliyeanza kurekodi maonyesho mwaka 1984 na akaendelea mpaka yakapita 10,000, mengi yakiwa ya kumbi ndogo na bendi ambazo hazikufika popote. Watu wa kujitolea wamekuwa wakizihamisha kaseti zake kwenye dijitali na kuziweka Internet Archive. Majina makubwa yamo, na vyombo vya habari huyakimbilia hayo. Mimi nayajali zaidi yale madogo. Bendi kubwa ina studio, ina kampuni, ina filamu. Bendi iliyofungua jukwaa saa mbili usiku mbele ya watu thelathini, ikavunjika mwaka uliofuata, huenda haina ushahidi mwingine wowote kwamba iliwahi kuwapo.

Na rekodi za jukwaani zinafundisha kitu ambacho albamu haiwezi. Albamu inakupa wimbo kama ulivyoamuliwa. Jukwaa linakupa wimbo ukiwa bado unaamuliwa. Ukiwa na maonyesho ya bendi moja kwa miaka ishirini, unaweza kuufuata wimbo mmoja: lini kasi yake ilipungua, lini mpiga solo aliacha kipande alichokuwa akikirudia kila usiku, lini kiitikio kilianza kuimbwa na ukumbi badala ya mwimbaji. Watafiti wa kompyuta na muziki wameitumia Live Music Archive kwa kazi hiihii ya kulinganisha matoleo ya wimbo uleule kwa mamia. Wanaojifunza ala huifanya kwa masikio, na huipata shule isiyo na ada. Kazi zote mbili zinataka faili lenyewe, la kupunguza mwendo, kukata, kurudia, kupima. Kisanduku cha kusikiliza kwenye ukurasa hakitoshi.

Ndiyo maana nalitazama tamasha la Montreux, Uswisi, kwa heshima na masikitiko kwa pamoja. Claude Nobs, mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1967, alirekodi maonyesho ya tamasha lile kwa bidii isiyo ya kawaida, sauti na picha, kwa vifaa bora vya kila zama. Mkusanyo huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2013 katika Kumbukumbu ya Dunia, na chuo kikuu cha EPFL cha Lausanne kiliuhamisha wote kwenye dijitali. Ni maelfu ya saa za muziki. Kiufundi, sijui mkusanyo wa jukwaani uliotunzwa vizuri kuliko huu. Lakini haki za wanamuziki, watunzi na kampuni zimeufunga, kiasi kwamba anayetaka kuuchimba kwa uhuru hana budi kufika kwenye sehemu chache zilizoruhusiwa. Mengine huja kidogokidogo kama albamu za kuuzwa. Simlaumu aliyerekodi. Ruhusa ya kurekodi iliombwa kwa ajili ya tamasha na matangazo, si kwa ajili ya dunia nzima miaka hamsini baadaye, na mtu hawezi kugawa haki ambayo hakupewa.

Upo upande wa pili, nao hauna wapumbavu. Mwanamuziki ana haki ya kukataa. Mkataba wa Roma wa 1961 ulimpa msanii uwezo wa kuzuia onyesho lake kurekodiwa bila ridhaa yake, na makubaliano ya biashara ya dunia ya 1994 yakauimarisha. Naiunga mkono haki hiyo bila kusita. Kuna usiku sauti inakauka, kuna usiku msiba umeingia nyumbani, na hakuna aliyeandikiwa kwamba lazima udhaifu wake usikilizwe milele. Hifadhi ikiambiwa ondoa, iondoe.

Mtunzi naye yumo, na mara nyingi husahaulika. Mwimbaji anaweza kuruhusu onyesho lake ligawanywe bure huku wimbo alioimba ukiwa mali ya mtu mwingine. Kampuni iliyomiliki tovuti ya muziki ya Wolfgang's Vault iliyanunua makusanyo ya promota mashuhuri Bill Graham, ikaweka maelfu ya maonyesho mtandaoni, mengi yakisikilizwa bure, na baadaye ikayageuza biashara ya kulipia. Wachapishaji wa nyimbo waliishtaki mwaka 2015, na mwaka 2018 mahakama ya shirikisho mjini New York ikaona kwamba hakimiliki zimevunjwa. Kumiliki kanda hakukuipa umiliki wa nyimbo. Tofauti na Live Music Archive ni mbili, na zote ni nzito: pale ridhaa ya wapigaji hutangulia, na hakuna anayetoza. Suala la nyimbo za kuazima bado lina utata hata pale, na bendi zinazopiga nyimbo zao wenyewe ndizo zenye njia iliyo wazi kabisa.

Je, lazima iwe bure? Fugazi, bendi ya Washington, ilinifanya nilifikirie hili upya. Mafundi wao walirekodi maonyesho zaidi ya 800 kati ya takriban 1,000 waliyopiga, na mwishoni mwa 2011 wakaanza kuyaweka mtandaoni kwa bei iliyopendekezwa ya dola 5, mnunuzi akiwa huru kulipa pungufu au zaidi. Si bure. Lakini anayelipa anapakua, faili ni lake, anakaa nalo. Kwa kipimo changu mpango ule unahifadhi muziki vizuri kuliko huduma yoyote ya bure inayokataza kupakua. Bei ndogo haimfungi mtu mlango. Kufuli kwenye faili ndilo linalofunga.

Kufuli hilo lina hatari nyingine, kwamba linaiacha nyumba moja ibebe kila kitu. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi, data za akaunti zipatazo milioni 31 zikavuja, na huduma zake zikazimwa kwa siku kadhaa kabla ya kurejeshwa hatua kwa hatua. Kabla ya hapo, Agosti 2023, kampuni kubwa za muziki ziliishtaki kwa sababu ya mradi wake wa kuhifadhi sahani kuukuu za santuri, zile za mizunguko 78 kwa dakika, kesi iliyomalizwa kwa maelewano mwaka 2025. Maonyesho ya jukwaani hayakuwa shabaha ya lolote kati ya haya, lakini yanaishi chini ya paa hilohilo. Hifadhi ikifilisiwa na kesi ya kitu kingine, rekodi yenye ridhaa kamili ya mwenyewe inazama pamoja na isiyo nayo. Waliokuwa wamepakua hawakuhitaji kusubiri siku zile za Oktoba. Rekodi za kusikilizwa tu hazikuwa na mahali pengine pa kusubiriwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwanamuziki yeyote anayepanda jukwaani ni la kimaandishi. Andika kama unaruhusu kurekodiwa. Andika kama rekodi za mitambo yako zinaingia au haziingii. Andika kwamba faili kamili linaweza kupakuliwa, na kwamba haliuzwi. Na andika nani ataamua ukishafariki, kwa sababu wasimamizi wa mirathi, wanapokuta kimya, huchagua kufunga. Si kwa ubaya, ila kufunga hakumletei mtu lawama. Karatasi moja inatosha kwa kazi ya maisha mazima, na meneja asiyeiona faida yake akumbushwe kwamba maonyesho asiyoyarekodi hayatamletea chochote kwa namna yoyote.

Walio na kanda wana haraka zaidi. Kanda nyingi za sumaku za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayonyonya unyevu, zikanata, zikaacha unga wake kwenye kichwa cha mashine. Mafundi huzikausha kwa joto dogo la saa nyingi ili zikubali kuchezwa tena, pengine kwa mara chache tu. Kaseti za DAT, yaani kanda za sauti za dijitali, ambazo warekodi walizikimbilia miaka ya 1990 kwa usafi wake, zina shida tofauti: Sony iliacha kutengeneza mashine zake mwaka 2005, na zilizobaki zinakufa moja baada ya nyingine, vipuri havipo. Mwenye sanduku la kanda hizo anahitaji mashine nzima, mtu anayejua kuitumia, na mwanamuziki aliye hai wa kumuuliza, "Unaruhusu?" Mashine na fundi vinaweza kutafutwa mwaka ujao. Simu kwa mwanamuziki ipigwe kwanza.